Macho ya Kuazima

Majirani walimwita Bi Tochi, na jina lenyewe lilikuwa la utani wa mapenzi. Tangu mumewe alipoacha kazi gereji na kuanza kutengeneza magari uani kwake, mwanamke huyo hakumwacha peke yake hata dakika. Mume akiinamia injini, naye kainama. Mume akijilaza chini ya gari, naye kajilaza ubavuni mwake juu ya boksi lililotandazwa, tochi mkononi, mchana kweupe. "Hawa wamerogana," walisema wanawake wa pale bombani, wakicheka kwa kijicho kidogo, maana wao waume zao walikuwa hawawaiti ila kwa chakula.

Laiti wangejua. Tochi ile haikuwa ya Fundi kabisa. Ummulikie, usimmulikie, kwake yalikuwa mamoja. Presha ya macho ilianza kumla taratibu akiwa bado gerejini, pembeni kwanza, kisha ikaingia katikati, na daktari akamwambia kwa upole kwamba kilichokwisha kufa machoni hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda mabaki. Mabaki yenyewe mwaka huu yalikuwa ukungu. Mtu akisimama mlangoni, Fundi aliona kitu kama shati lililoanikwa, asijue ni nani mpaka aseme.

Waliojua ni watatu: daktari, yeye mwenyewe na mkewe. Hata mama yake mzazi, aliyeishi nao na kushinda kibarazani akichambua mchele na kusema na kila apitaye, hakuambiwa. "Fundi asiyeona, nani atampa gari lake?" Fundi aliuliza siku ile walipotoka hospitali. Mkewe alipitia dukani akanunua tochi.

Basi wakajifunza upya kazi, wote wawili. Mikono ilikuwa ya Fundi, na mikono ile ilijua injini kama mtu ajuavyo chumba chake gizani. Macho yalikuwa ya mkewe. Alijifunza namba za spana, alijifunza plagi nyeusi inasema nini na ya kahawia inasema nini. Mteja akiwa karibu walikuwa na ishara zao: akikohoa mara moja ni kushoto, mara mbili kulia. Msimu mmoja alipata mafua ya kweli, Fundi akafungua nati zisizohusika kabisa, na siku hiyo walicheka wenyewe mpaka machozi.

Gari la Mzee Mikate liliingia uani Alhamisi alasiri likiburuta miguu. Lilikuwa gari la zamani, jeupe la kale ambalo sasa lilikuwa na rangi ya chai, viti vya nyuma vimeng'olewa ili kreti za mikate zipate nafasi. Mzee Mikate mwenyewe, mwenye tanuri mtaa wa pili, alikuwa mtu wa maneno mengi na subira kidogo.

"Fundi, nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mtu mzima mwenzangu," alisema. "Halivuti. Kamlima kadogo tu linalalamika. Na mkanda wa taimingi nimeambiwa umechakaa, mpya huu hapa, nimeshanunua. Kesho saa sita mchana napeleka mikate hospitali, ndiyo siku ya kwanza ya zabuni. Nikichelewa siku ya kwanza, wanampa mwingine."

"Nani alilishika mara ya mwisho?" Fundi aliuliza. Ni swali ambalo kila fundi huuliza.

"Aa, mafundi ni wengi, nitawakumbuka wote?" alijibu upesi mno.

Ukweli ni kwamba aliyelishika ni Kompyuta, kijana wa gereji ya kona, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kile kimashine chake cha kuchomeka kwenye gari na kusoma magonjwa. Mwaka jana Mzee Mikate alimkimbia Fundi akamfuata Kompyuta. Sasa amegombana na Kompyuta, amerudi kwa Fundi, na aibu ikamfunga mdomo.

"Hili likinyooka," aliongeza akiwa keshafika getini, "nina mengine mawili, na la shemeji yangu la tatu. Yote yaje hapa."

Kwa wiki tatu uani hapakuwa na gari. Jikoni walikuwa wamefika mahali pa kupika mara moja kwa siku, wakamwambia mama mkwe kwamba wao walikula mapema. Bi Tochi alilitazama lile gari la rangi ya chai akaona ndani yake magari matatu mengine yamepanga foleni, na nyuma ya hayo mezani pana chakula cha mchana na cha jioni. Akaliogopa pia. Likiharibika hili, hakuna la pili litakaloingia.

Jioni hiyohiyo walifungua kifuniko cha mkanda, wakaacha mengine mpaka asubuhi. Ndani mlikuwa na uchafu wa ajabu. Oili ilikuwa imevuja miaka na miaka, ikachanganyika na vumbi, ikawa tope.

Ijumaa Bi Tochi aliamka kabla ya wenzake. Alikumbuka gari la mwezi uliopita, alivyoshindwa kuona alama kwa sababu ya uchafu, na Fundi alivyomkaripia: "Sasa wewe unaona nini?" Alimwomba radhi baadaye, lakini neno lilikuwa limeshamkaa. Safari hii hakutaka liwepo jambo la kumzuia kuona. Alichukua petroli kwenye kikopo na burashi kuukuu ya nguo, akaanza kusugua pale mahali, gia kwa gia, kama anavyosugua masufuria yake. Kwenye gia ya juu palikuwa na kidoa cheupe, kama rangi iliyomdondoka mtu anayepaka ukuta. Kiligoma. Alikikwangua kwa ukucha, kikatoka. Alipomaliza, vyuma viling'aa. Alirudi nyuma hatua mbili akavitazama, akajisikia vizuri, kama mtu aliyempikia mumewe chakula akipendacho.

Fundi alipotoka na kikombe chake cha chai alinusa hewa. "Petroli hiyo?"

"Nimeosha. Leo utasikia mwenyewe, nakusomea kama gazeti."

Akatabasamu, akashusha kikombe chini kwa kupapasa.

Kuna jambo dogo la kueleza hapa, maana ndilo lililowamaliza. Injini ina gia ya juu na gia ya chini, zimefungwa pamoja kwa mkanda wenye meno. Kila gia ina alama yake, na alama zikikaa mahali pake, valvu na pistoni zinapishana kwa adabu. Zisipokaa, zinagongana. Injini nyingine husamehe. Ile ya gari la mikate ilikuwa ya zile zisizosamehe.

"Chini?" Fundi aliuliza, amezungusha injini kwa spana.

"Chini imekaa pake."

"Juu?"

Bi Tochi alisogeza tochi. Kijishimo kilichochongwa kiwandani kilionekana wazi, kisafi, lakini hakikukutana na mstari wa kwenye injini. "Juu imepishana. Meno mawili."

Fundi aliingiza mkono, akaupapasa mkanda wa zamani, jino baada ya jino, akarudia. "Meno mawili? Hesabu tena."

"Mawili, Fundi. Naona vizuri."

"Hakuna alama nyingine?"

"Hamna. Pasafi kabisa."

Alisimama akijishika kiuno. Meno mawili kwa injini hii na bado gari litembee, hata kwa kuchechemea? Hakikumwingia akilini. Alitwaa tochi mwenyewe, jambo ambalo alikuwa halifanyi tena, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Aliona ukungu, na ndani ya ukungu mng'ao. Bi Tochi alitazama pembeni. Hakupenda kumwona akijaribu.

"Mkanda umechakaa, umeruka," Fundi alisema mwishoni, akimrudishia tochi. "Ndiyo maana halivuti. Tunaipeleka kwenye alama yake."

Walifanya hivyo. Saa nne na nusu mkanda mpya ulikuwa umekaza, juu na chini zimekutana na mistari yake, na Bi Tochi alithibitisha mara tatu. Fundi akashika spana kuizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili, kama afanyavyo siku zote kabla ya kugusa ufunguo. Mzunguko wa kwanza, katikati, ikagoma.

Alirudisha nyuma kidogo, akaileta tena polepole, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza mtu chumba cha pili. Ikagoma palepale. Mkewe alisogeza tochi karibu.

"Vipi?"

"Huenda ni kompresheni tu, upepo uliobanwa ndani. Nitoe plagi nijaribu bila upepo. Nipe ya kumi na..."

Honi ililia getini. Mzee Mikate alikuwa ameingia, na nyuma yake vijana wawili wamebeba kreti, na harufu ya mikate ya moto ikajaa uani. Bi Tochi alimeza mate.

"Saa tano kasorobo, Fundi. Tayari?"

"Bado kidogo. Natoa plagi."

"Plagi za nini tena? Plagi ni mpya." Mzee Mikate alikuja akasimama bega kwa bega naye, akainamia boneti. Palikuwa pembamba pale. Bi Tochi alisukumwa nyuma, tochi na yeye. Fundi alinyoosha mkono kwenye meza ya vifaa kutafuta spana ya plagi, akashika nyundo. Akaiacha. Akashika koleo.

Bi Tochi alikohoa. Lakini kukohoa kulikuwa kwa kushoto na kulia, hakukuwa na kikohozi cha kusema kwamba spana imeangukia chini ya meza.

"Unatafuta nini, Fundi?" Mzee Mikate alimtazama usoni. "Mbona unapapasa?"

Hapo ndipo Fundi alipochagua. Mkono wake ulikuwa umeshamwambia ukweli, mara mbili umemwambia. Lakini aliogopa lile jicho la mteja kuliko alivyouamini mkono wake. Aliweka koleo chini, akapangusa vidole kwa kitambaa.

"Hakuna," alisema. "Liko sawa. Washa."

Mzee Mikate aliingia garini akageuza ufunguo. Stata ilizungusha, na injini ikatoa mlio kama wa kijiko kilichoingia kwenye mashine ya kusaga. Mara moja, mbili, tatu. Kisha stata ikazunguka yenyewe kwa wepesi, bila kubeba kitu, na kila aliyewahi kumiliki gari kuukuu anaijua sauti ile ya wepesi. Mzee Mikate alijaribu tena. Fundi alinyoosha mkono dirishani, akakosa, akagusa bega lake. "Acha," alisema. "Acha, ndugu yangu. Valvu zimekwisha."

Kreti zilikwenda hospitali kwa mkokoteni, zikafika saa nane. Kabla ya hapo, Kompyuta aliitwa. Alikuja bila kimashine chake, hakikuhitajika. Alitazama mara moja, akachuchumaa, akatazama tena.

"Mzee," alimwambia Fundi, na hakusema kwa kejeli, jambo lililoumiza zaidi, "alama yangu umeipeleka wapi?"

"Alama gani?"

"Gia hii ya juu si ya injini hii. Niliipata kwenye injini nyingine, ile ya kwake ilipasuka. Alama yake ya kiwandani ni ya uongo hapa. Nilipiga rangi nyeupe mahali pa kweli, doa kubwa kama kifungo cha shati. Hata mtoto angeliona."

Bi Tochi alitazama ukucha wake wa kidole gumba. Bado ulikuwa na ule ukoko mweupe kwa ndani.

"Kwa hiyo gia imebadilishwa," Mzee Mikate alisema. Alikuwa hataki kukumbuka kwamba yeye ndiye aliyeficha jina la Kompyuta. Ghadhabu haina nafasi ya mambo kama hayo. "Ameitoa yenye alama, ameniwekea nyingine. Wewe Fundi umekuwa mwizi uzeeni?"

Watu walikuwa wamejaa getini. Wanawake wa bombani walikuwepo na ndoo zao. Kibarazani mama mkwe alikuwa ameacha mchele, amesimama.

"Mwanangu si mwizi," alisema kikongwe yule kwa sauti ndogo.

"Basi aseme alama imekwenda wapi, mama. Alama haina miguu."

Bi Tochi alifungua mdomo. Alikuwa aseme ni mimi, nimeikwangua kwa ukucha huu. Lakini wangemuuliza, na mumeo yeye alikuwa wapi, fundi mwenye miaka thelathini kazini, alikuwa hatazami? Na jibu la swali hilo lilikuwa moja. Alimgeukia Fundi. Na Fundi, ambaye hakuweza kumwona, alijua kwamba amemgeukia.

"Nilikuwa nimelewa," Fundi alisema.

Mmoja wa wanawake wa bombani alitua ndoo yake chini.

"Nilikunywa jana, nikanywa na leo asubuhi. Sikuiona alama. Gia ni hiyohiyo, sikubadilisha kitu. Ni pombe."

Mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja hata tone. Bi Tochi alimtazama Kompyuta, akamtazama Mzee Mikate, akangoja mmoja wao acheke, aseme huyu anadanganya. Hakuna aliyecheka. Mzee Mikate alishusha pumzi, uso ukamlegea, kama mtu aliyeonyeshwa kitu anachokifahamu.

"Kumbe," alisema. "Ndiyo maana ulikuwa unapapasa."

Mama mkwe alikuwa amemuuguza na kumzika mume aliyekufa kwa pombe, na mwanawe huyu mmoja alimlea akimwapisha asiiguse. Aliokota ungo wake, akaingia ndani akiushika ukuta.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya kona. Jeki kubwa ya Fundi ilikwenda nalo, iwe dhamana mpaka valvu zilipwe.

Mama mkwe alimfuata Bi Tochi jikoni. Alikaa juu ya kigoda, mikono magotini.

"Wewe unashinda naye kutwa," alisema. "Unalala chini ya magari naye. Hukusikia harufu?"

"Sikusikia, mama."

"Au mnakunywa wote?"

Bi Tochi alikwangua sufuria ambalo halikuwa na kitu. "Hapana, mama."

"Nilifurahi alipokuoa. Nilisema huyu atamtunza." Akanyanyuka kwa taabu. "Chakula changu usiweke. Nimekula mapema."

Kumbe alijua. Siku zote zile za kuambiwa wao wamekula, alikuwa akijua na akila kidogo ili kibaki. Bi Tochi alingoja atoke, kisha akakaa sakafuni.

Fundi alimkuta hapo. Alimpata kwa kusikia pumzi, akakaa pembeni yake, mgongo ukutani.

"Ni mimi," mkewe alisema. "Kile cheupe nilikikwangua mimi. Nilidhani ni uchafu."

"Najua. Nilisikia harufu ya petroli. Nilitakiwa niulize kabla ya kukwambia mkanda umeruka, nikaona haya kukuuliza maswali mengi. Na mkono uliniambia. Mkono ulikataa kabisa."

"Kwa nini pombe? Ungesema lolote. Ungesema homa. Mbele ya mama?"

"Mlevi huambiwa aache," Fundi alisema. "Kipofu anaambiwa nini?"

Bi Tochi alimshika mkono, ule wenye akili kuliko wote wawili. "Twende tukamwambie mama peke yake."

"Mama akijua atalia. Akilia kibarazani, mtaa mzima utajua analilia nini. Mwache anichukie kwanza."

Hakukubaliana naye. Alitaka kusimama, aende chumbani kwa kikongwe yule, aseme yote. Alikaa palepale. Hilo litamsumbua maisha yake yote.

Siku nane zilipita. Siku ya tisa, asubuhi, mwenye duka la mabati alisimamisha pikapu yake getini. Ilikuwa kuukuu, breki zinalia. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa kupigapiga watu mabegani.

"Nimesikia habari zako," alimwambia Fundi, akicheka. "Nikasema, ah. Ningesikia ni maradhi, ningepeleka kwa yule kijana moja kwa moja. Lakini pombe? Pombe si inatoka? Mkono wako naujua, gari langu limepita kwako miaka sita halijawahi kunilaza njiani. Breki tu hizi. Zifanye ukiwa mzima. Asubuhi-asubuhi, kabla hujaenda kwa wenzako."

"Nimeacha," Fundi alisema.

"Wote husema hivyo. Haya, shika ufunguo."

Aliunyoosha. Fundi alinyoosha mkono kuufuata, akafumba kiganja, kikafumba hewa. Akajaribu tena, juu zaidi. Akakosa.

Mwenye mabati alitazama ile mikono miwili, wake na wa Fundi, na nafasi iliyokuwa katikati. Uso wake ulianza kubadilika. Ilikuwa kama mtu anayeanza kukumbuka jambo. Bi Tochi aliliona jambo lenyewe linamjia, linakaribia, limebakiza hatua moja lifike.

Fundi naye alisikia kile kimya. Akalegeza magoti, akayumba hatua moja upande, akashika mlango wa pikapu, na kichwa chake kikaning'inia kifuani.

Kibarazani, mama yake aligeuza uso ukutani.

"Ee, Fundi," mwenye mabati akasema, akapumua, na kicheko kikamrudia. "Hata jua halijapanda?" Alimgeukia Bi Tochi, akamtia ufunguo kiganjani, akamkonyeza. "Shika wewe, shemeji. Akilevuka mpe."

Alikuwa anamtazama, anangoja. Ilibidi mtu acheke naye.

Bi Tochi akacheka. Alicheka kwa sauti, akatikisa kichwa kama wake wa walevi watikisavyo, akacheka mpaka mwenye mabati akaridhika na kwenda zake.